Sura ya Sita: Haleluya Ina Njia Yake

Ukipita Kigamboni usiku wa Mkesha wa Pasaka, kutoka Tungi hadi Mjimwema na kuingia Kibada, si ajabu kuukuta wimbo mmoja ukitoka katika makanisa tofauti. Wakatoliki wanauita Aleluya Kuu. Waprotestanti wengi wanauita Haleluya ya Handel, au Haleluya tu, kana kwamba hakuna nyingine duniani. Mpiga kinanda akishapiga utangulizi wake mfupi, waumini wanajua kinachokuja. Simu zinainuliwa kurekodi, na akina mama waliopakata watoto waliolala wanasimama nao hivyohivyo.

Tunaupenda wimbo huu, na tuna haki ya kuupenda. Ninachodai katika sura hii ni kwamba tumeupokea ukiwa umekatwa. Haleluya ni kipande kimoja cha oratorio iitwayo Masihi, kazi yenye vipande 53 kwa hesabu iliyozoeleka. Oratorio ni simulizi takatifu inayoimbwa na waimbaji wa solo, kwaya na okestra, bila maigizo wala mavazi ya jukwaani. Masihi ina sehemu tatu. Ya kwanza ni unabii na kuzaliwa kwa Kristo. Ya pili ni mateso, kifo, kufufuka na kuenea kwa Injili. Ya tatu ni ufufuo wa wafu na ushindi wa mwisho juu ya mauti. Haleluya inafunga sehemu ya pili. Kabla ya kuifikia, msikilizaji amepitishwa katika dharau, mijeledi, kicheko cha watesi na upweke wa mtu aliyetafuta wa kumfariji asimpate. Sisi tunaanza na furaha. Handel alitaka furaha hiyo iwe na kitu inachotoka.

George Frideric Handel alizaliwa Halle, Ujerumani, mwaka 1685, mwaka uleule wa Johann Sebastian Bach. Alikwenda Italia kujifunza opera, akahamia London, na mwaka 1727 akawa raia wa Uingereza. Kwa miaka mingi riziki yake ilitoka kwenye opera za Kiitaliano, na zilipoanza kukosa watazamaji akaelekea kwenye oratorio za Kiingereza. Maneno ya Masihi aliletewa na Charles Jennens, tajiri mwenye mashamba aliyeijua Biblia kwa kina. Jennens hakutunga mstari hata mmoja. Alichagua aya, nyingi kutoka Isaya na Zaburi, na nyingine kutoka Malaki, Ayubu, Injili, barua za Paulo na Ufunuo, akazipanga moja baada ya nyingine. Handel alianza kuandika muziki tarehe 22 Agosti 1741, akaweka kalamu chini tarehe 14 Septemba. Siku 24 kwa muziki wa zaidi ya saa mbili.

Mpango wa Jennens una jambo la ajabu ambalo mwimbaji wa kwaya anapaswa kulijua: Yesu mwenyewe karibu hasemi kitu. Hakuna Pilato, hakuna Petro anayekana, hakuna jogoo. Mateso yanasimuliwa hasa kwa kinywa cha Isaya na cha mtunga Zaburi, watu walioishi karne nyingi kabla. Inachukuliwa kwamba msikilizaji anaijua hadithi tayari, na kazi ya muziki ni kumfanya aihisi. Mwalimu Nyerere, ambaye chuo chenye jina lake kipo hapa Kigamboni, si mbali na kivuko, alishika njia tofauti kabisa. Katika Tenzi za Biblia, zilizochapishwa mwaka 1996, aliziweka Injili na Matendo ya Mitume katika beti, akiifuata hadithi yenyewe tangu mwanzo hadi mwisho. Mmoja alikata na kupanga, mwingine alibeba mzigo wote. Lakini nawaona wakifanya kazi ya aina moja: walitaka Maandiko yatoke kwenye karatasi, yaingie kwenye pumzi ya watu.

Masihi iliimbwa hadharani mara ya kwanza Dublin, Ireland, adhuhuri ya tarehe 13 Aprili 1742. Siku hiyo ilikuwa Jumanne ya Juma Kuu. Sisi tumezoea kuihusisha kazi hii na Krismasi, lakini Handel mwenyewe aliitoa siku tano kabla ya Pasaka, na alipoendelea kuiimbisha London katika miaka yake ya baadaye, aliiweka msimu wa Kwaresima na majira ya Pasaka. Mahali palikuwa ukumbi wa muziki wa mtaa wa Fishamble. Watu walitarajiwa kuwa wengi mno, hata matangazo yakawaomba wanawake waje bila zile fremu za kutanua magauni, na wanaume waache panga zao nyumbani. Waliingia watu wapatao 700.

Fedha zilizokusanywa, karibu pauni 400, ziligawanywa mafungu matatu. Mawili yalikwenda kwa hospitali za maskini. La tatu lilikwenda kwa wafungwa wa madeni, na wafungwa 142 wakatoka gerezani.

Hapa ningependa msomaji wa Kigamboni atulie kidogo. Katika sheria za wakati ule, mtu aliyeshindwa kulipa deni aliweza kufungwa, na akiwa ndani hakuwa na namna ya kufanya kazi apate cha kulipia. Familia yake ilibaki nje ikihangaika, na deni lilibaki palepale. Mama anayeuza samaki Feri, kijana aliyechukua bodaboda kwa mkataba, fundi aliyekopa kwa ajili ya ada za watoto, wote wanaielewa hali hiyo bila kufafanuliwa. Wanaijua mikopo ya kausha damu. Wanajua mtu akija kubeba friji na televisheni mchana kweupe, majirani wakitazama. Masihi ilizaliwa katikati ya watu wa namna hiyo. Kabla haijawa fahari ya makanisa makubwa, ilikuwa changizo la kuwatoa watu kwenye madeni. Kwaya zetu, ambazo kila mwaka huandaa matamasha na uzinduzi wa albamu ili kuezeka kanisa au kununua vyombo vya muziki, zina undugu zaidi na siku ile kuliko zinavyofikiri.

Kuna undugu mwingine, wa idadi. Waimbaji wa Dublin walitoka katika kwaya za makanisa makuu mawili ya mji, wanaume na wavulana, jumla yao kama 30. Hata London mwaka 1754, Masihi ilipoimbwa katika hospitali ya watoto waliotelekezwa, hesabu za hospitali zinaonyesha kwaya ya watu karibu 20 na okestra ya wapigaji wasiofika 40. Kwaya kubwa za mamia ya watu zilikuja baada ya Handel kufa. Katika kumbukumbu yake ya mwaka 1784, Westminster Abbey, wapigaji na waimbaji kwa pamoja walizidi 500, na tangu hapo watu wakaanza kudhani kwamba kazi hii ni ya majeshi. Nimewasikia walimu wa kwaya wa parokia na sharika zetu wakisema kwa unyonge kuwa wana watu 25 tu, basi Masihi waachiwe wa mjini. Kwaya ya watu 25 ingetosha mbele ya Handel mwenyewe.

Alto wa siku ile ya Dublin alikuwa Susannah Cibber, mwigizaji wa London aliyekuja Ireland akiwa na jina lililochafuka. Mume wake alikuwa amempeleka mahakamani mpenzi wa Susannah, na mambo ya ndani kabisa ya maisha ya mwanamke huyo yalisomwa mbele ya umma, yakachapwa na kuuzwa mitaani. Cibber hakuwa msomaji mzuri wa nota, na inasimuliwa kuwa Handel alimfundisha noti moja baada ya nyingine. Mtu huyu ndiye aliyepewa kuimba Isaya 53, habari ya mtu aliyedharauliwa na kukataliwa. Muziki wake ni wa polepole, wenye mapengo: sauti inasema maneno machache, inanyamaza, fidla zinajibu, halafu sauti inarudi kama mtu anayetafuta pumzi. Inasimuliwa kuwa kasisi mmoja, Patrick Delany, aliinuka alipokuwa akimsikiliza na kutamka kwa sauti kwamba kwa ajili ya wimbo ule mwanamke huyo asamehewe dhambi zake zote. Nadhani kila mtu ukumbini alikuwa anamjua mwanamke huyo alivyosemwa. Walipomsikia akiimba dharau ya Kristo, waliisikia na ya kwake.

Lakini habari za fedha katika maisha ya Handel haziishii kwenye sadaka. Mwanahistoria David Hunter alilikuta jina lake katika daftari za Royal African Company, kampuni ya Uingereza iliyosafirisha Waafrika kutoka pwani ya magharibi kwenda utumwani ng'ambo ya Atlantiki. Handel alinunua na kuuza hisa za kampuni hiyo mwaka 1720. Aliwekeza pia katika South Sea Company, iliyokuwa na mkataba wa kupeleka watumwa kwenye makoloni ya Hispania. Masihi ilikuja miaka ishirini baadaye, wala sisemi kwamba hisa zile ndizo zilizolipia muziki huu. Nasema kwamba mtu aliyeandika muziki wa kuwafungulia wafungwa 142 aliwahi kutafuta faida katika biashara iliyofunga watu wasiohesabika, na kwaya ya Kiafrika inayoimba kazi yake inapaswa kuambiwa. Pwani yetu inajua biashara ya watu. Ilipita kwa njia nyingine, kuelekea Unguja na ng'ambo ya Bahari ya Hindi, na Bagamoyo haiko mbali. Nimesikia wanaotaka jambo hili lifichwe lisiharibu ibada, na wanaotaka wimbo wenyewe uachwe. Sikubaliani na upande wowote. Maneno ya Masihi ni ya Isaya na ya Zaburi, na Isaya alisema habari za kufungua waliofungwa kabla Handel hajazaliwa. Waafrika wanapoyaimba, wanayaimba kwa haki kamili, wakiwa wanajua.

Muziki huu ulifikaje huku? Kutoka upande wa Kigamboni, ukitazama ng'ambo ya mlango wa bandari, bado utaliona jibu hata kama maghorofa yamelizidi kimo. Kuna Azania Front, kanisa la Walutheri lililoanza kujengwa mwaka 1898, na kuna Mtakatifu Joseph la Wakatoliki, lililojengwa miaka hiyohiyo na Wabenediktini kutoka Ujerumani. Mmisionari wa Kilutheri Johann Jakob Greiner alifika Dar es Salaam mwaka 1887, na Wabenediktini walifungua kituo Pugu mwaka uliofuata. Walileta nyimbo za sauti nne, vinanda vya kukanyaga na, kwa Walutheri, matarumbeta ambayo hadi leo yanapigwa katika sharika nyingi za KKKT. Kutoka Uingereza ukaja mfumo wa solfa, ule wa do, re, mi ulioandikwa kwa herufi, ambao Sarah Glover aliubuni na John Curwen akaueneza katika karne ya 19 ili wafanyakazi wa viwandani na watoto wa shule waweze kuimba bila kujua mistari mitano. Solfa inaandikika kwa mashine ya chapa ya kawaida na inanakilika kwa mkono kwenye daftari. Naamini kuwa bila solfa Haleluya isingevuka bahari; ingebaki mali ya watu wenye piano.

Mtafiti Gregory Barz, aliyekaa na kwaya za Kilutheri za Dar es Salaam katika miaka ya 1990, alionyesha katika kitabu chake cha mwaka 2003 jinsi kwaya ilivyo zaidi ya kundi la waimbaji: ni watu wanaozikana, wanaochangiana harusi, wanaochagua mwenyekiti na mtunza hazina. Ukienda mazoezini Kigamboni utaona hivyo. Mazoezi yametangazwa kuanza saa kumi na mbili jioni, lakini besi wawili bado wako kwenye foleni ya kivuko, na mmoja amezungukia Daraja la Nyerere, lile lililofunguliwa mwaka 2016. Soprano wanaanza peke yao ndani. Tenori wanapelekwa chini ya mwembe. Mwalimu anazunguka kutoka kundi moja hadi jingine, anaimba sauti yao, wanarudia, anasahihisha, anahama. Walio kazini zamu ya usiku wanatumiwa sauti yao kwenye simu. Umeme ukikatika kinanda kinanyamaza na watu wanaendelea, na mara nyingi hapo ndipo uimbaji unapokuwa safi zaidi, kwa sababu kila mtu analazimika kumsikiliza jirani yake.

Haleluya yenyewe inamlipa mwalimu aliyevumilia. Inaanza watu wote wakitamka neno moja kwa mapigo mamoja, ngumu na wazi, na okestra ikijibu. Kisha sauti zote zinaungana katika noti moja, bila sauti ya kwanza wala ya nne, kutangaza utawala wa Mungu, na papo hapo zinatawanyika. Kwaya nyingi zinapoteza nguvu hapa kwa kuimba sehemu ya pamoja kwa kulegea, wakiona ni rahisi. Katikati muziki unashuka, unakuwa mpole, halafu besi wanaanza sentensi mpya peke yao. Tenori wanawafuata na sentensi ileile, alto wanaingia, na soprano wanakuja mwisho juu ya wote. Anayesikiliza kwa makini ataona kwamba hakuna sauti iliyo mtumishi wa nyingine. Baadaye soprano wanashika noti ndefu, wakipanda hatua kwa hatua, huku sauti nyingine zikirusha haleluya chini yao bila kupumzika. Na karibu na mwisho kila kitu kinakatika ghafla. Kimya. Hapo ndipo mwimbaji mmoja mwenye hamu kupita kiasi huingia peke yake na kanisa zima likamsikia, kwa hiyo walimu hutumia dakika nyingi kufundisha kunyamaza. Kisha inakuja haleluya ya mwisho, nzito, polepole.

Kiswahili kinaongeza kazi. Pale Kiingereza kinapoweka silabi moja kwenye noti ndefu, sisi tunahitaji tatu au nne, na noti lazima ikatwe bila kuvunja mwendo wa wimbo. Baadhi ya tafsiri zinazozunguka katika kwaya zetu zimelitatua jambo hili vizuri, nyingine zinasukuma mkazo mahali ambapo hakuna Mswahili anayeuweka, na mwimbaji anaishia kulitamka neno lake la kila siku kama mgeni. Mwalimu asiogope kurekebisha. Handel mwenyewe alibadilisha vipande vya Masihi karibu kila alipoiimbisha, kulingana na waimbaji aliowapata.

Tarumbeta za Haleluya ni mbili tu, pamoja na ngoma zake. Handel alizificha kwa muda mrefu. Zinasikika kwa mbali malaika wanapowatokea wachungaji katika sehemu ya kwanza, kisha zinanyamaza kupitia mateso yote, hadi Haleluya inapolipuka. Asiyesikia kimya chao hawezi kuzisikia zinaporudi.

Hapo ndipo majirani zetu wanatuzidi. Kigamboni ni mji wa Wazaramo na watu wa pwani, wengi wao Waislamu, na ukifika mwezi wa Mfungo Sita maulidi yanasomwa mtaa kwa mtaa. Maulidi ya Barzanji yaliandikwa na Jafar al-Barzanji wa Madina, mtu wa karne ya 18 kama Handel. Ni simulizi ndefu ya kuzaliwa na maisha ya Mtume, inayosomwa kwa mahadhi, msomaji mmoja akimpokea mwingine, na kaswida zikiingia katikati kwa dufu. Simulizi ikifika kwenye kuzaliwa kwenyewe, watu wote wanainuka. Ni kisimamo. Marashi yananyunyizwa, ubani unafuka, na sauti zinapanda. Sijawahi kusikia maulidi yaliyoanza na kisimamo. Hakuna anayesema kwamba muda ni mfupi, turuke fasili za mwanzo tusimame tu. Watu wanakaa chini, wanaifuata simulizi, na miguu inapoinuka inainuka kwa sababu hadithi imeiinua.

Wakristo nao wana kisimamo chao. Sehemu nyingi duniani watu husimama Haleluya ya Handel inapoimbwa, na sababu inayotolewa ni kwamba Mfalme George wa Pili alisimama aliposikia, na mfalme akisimama hakuna anayebaki ameketi. Hadithi hiyo haina shahidi wa wakati wake. Inaonekana kwanza katika barua ya mwaka 1780, mfalme akiwa amekufa miaka 20. Sioni haja ya mfalme wa Uingereza katika jambo hili. Anayeketi Kigamboni baada ya kusikia yote yaliyotangulia atasimama mwenyewe.

Wakatoliki wana msaada mkubwa ambao hawautumii kikamilifu. Kwa Kwaresima nzima, tangu Jumatano ya Majivu, neno Aleluya haliimbwi kanisani. Linarudi usiku wa Mkesha. Kimya cha siku nyingi kinafanya kazi ambayo Handel aliifanya kwa kunyamazisha tarumbeta. Lakini kimya peke yake hakisimulii. Na harusini, au kwenye jubilei, wimbo unaruka hata kimya hicho, unakuwa shangwe ya jumla inayofaa kila sherehe.

Siombi kwaya za Kigamboni ziimbe Masihi nzima. Naomba nusu saa. Alto aanze na Isaya 53. Zifuate kwaya tatu ambazo Handel aliziunganisha kutoka sura hiyohiyo: ya kwanza inatamka kwa mapigo makali kuwa huzuni aliyoibeba ni yetu, ya pili inafumwa polepole juu ya majeraha yanayoponya, ya tatu inachezacheza, sauti zikizunguka na kupotea kama kondoo, mpaka ghafla mwendo unakuwa mzito na waimbaji wanatambua kwamba kupotea kule kuliwekwa juu ya mtu mwingine. Sijui kipande kingine cha muziki kinachomkamata mwimbaji kwa namna hiyo, akiwa bado anatabasamu. Kisha Zaburi ya 24, malango yakiamriwa kufunguka: sauti za juu zinatangaza, za chini zinauliza ni nani huyu mfalme, zinajibiwa, zinauliza tena. Kuitikiana huku hakuhitaji kufundishwa kwa mtu aliyekulia kwenye ngoma za Uzaramo. Tenori wa solo aingie na Zaburi ya 2, fimbo ya chuma na vyungu vinavyopasuka, kwa kuwa Handel aliiweka pale, na ukali wake ni sehemu ya habari. Halafu Haleluya.

Kukosa okestra hakuzuii jambo hili. Kinanda kimoja kizuri kinabeba nyuzi, na tarumbeta mbili za bendi ya usharika wa jirani zinaweza kuja kwa dakika nne za mwisho, zikiwa zimekaa kimya nyuma kwa dakika 25. Naomba zisisikike kabla, hata kwa kujipasha moto.

Wala kuimba kazi ya Handel si kusahau za kwetu. Uganda ilipopata watakatifu wafiadini wake 22 mwaka 1964, Joseph Kyagambiddwa alitunga oratorio ya mashahidi hao kwa Kiganda, kwa mizani na ngoma za Buganda, nayo ikaimbwa Roma. Padre Stephen Mbunga wa Tanzania aliandika mwaka 1963 kutetea muziki wa Kibantu ndani ya kanisa, na akatunga Misa Baba Yetu. Watu hawa waliisoma misingi ya Ulaya hadi mwisho kabla ya kutunga ya kwao, na nadhani mtunzi wa Kigamboni atakayetuletea simulizi ndefu ya Pasaka kwa Kiswahili atatoka katika kwaya iliyowahi kuitembea njia nzima ya Masihi, hata kama ni nusu saa yake.

Solo ya alto ningempa mwimbaji wa kawaida wa safu ya pili, afundishwe noti kwa noti kama Cibber, aimbe akiwa amesimama palepale anaposimama kila Jumapili. Mapato yasiende kwenye sare wala spika. Wazee wa kanisa na viongozi wa jumuiya wanazijua nyumba zilizoshikwa na madeni, zikiwemo za majirani wasio waumini wetu. Wapewe kazi ya kuchagua kimyakimya, na deni lilipwe moja kwa moja kwa mkopeshaji, risiti ikabidhiwe kwa mwenye deni. Siku inayofaa ni Jumanne ya Juma Kuu, kama Dublin. Kwaya za madhehebu mawili matatu zinaweza kuungana jioni hiyo bila kugongana na ratiba, kwa sababu kuanzia Alhamisi kila mwimbaji anahitajika kanisani kwake.